Mwalimu hapikwi kwa siku moja: Safari ya Mpwapwa

MSOMAJI, wengi wetu tunaosafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma tunaijua Kibaigwa kwa soko lake la mahindi. Mbande tunaipita tumelala. Pale Mbande, kilomita kama 50 kabla ya kufika Dodoma mjini, ndipo unapoiacha barabara kuu na kukata kushoto kwenda Kongwa, kisha Mpwapwa. Wiki hii ukurasa wetu wa familia unakupeleka huko. Hakuna mbuga wala bahari. Tunakwenda kutazama jinsi mwalimu wa mtoto wako anavyotengenezwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Binti wa kaka yangu anasoma stashahada ya ualimu wa shule za msingi, na wakati huo alikuwa ametoka chuoni kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo nchi nzima huyaita BTP. Alipangiwa shule ya kijiji kimoja wilayani Mpwapwa. Baba yake, aliyetaka binti asomee ufamasia, alinikabidhi kiroba cha mchele, mafuta ya kula, na maneno machache: "Kamwangalie. Kama anateseka, rudi naye."

Karanga za Kongwa

Ilikuwa Julai. Mibuyu ilikuwa imepukutika majani yote na upepo wa baridi ulikuwa ukipuliza vumbi jekundu kwenye vioo vya Noah tuliyopanda. Huu ni upande wa Ugogo ambao mvua zake zinahesabika. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua ya mtama na vichwa vikavu vya alizeti.

Kabla ya Mpwapwa unapita Kongwa, na Kongwa ina kisa ambacho kila anayejifunza kufundisha angefaa kukijua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Wakaja wataalamu, wakaja na matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mipango yote ilikuwa imeandikwa vizuri. Lakini vichaka vya Kongwa vina mizizi inayovunja jembe, udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mvua ikaja kidogo kama kawaida yake. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wenyeji waliokuwa wakilima mtama na uwele walikuwa wakijua tabia ya ardhi ile tangu enzi za mababu zao, lakini mipango haikuanzia kwao.

Miaka ya 1960 Kongwa ikapata heshima nyingine, ilipowapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kambini. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Leo naomba ushike ile ya karanga, tutaihitaji tukifika darasani.

Mji wa kupumzikia

Mpwapwa imekaa chini ya milima, na ukiingia kutoka kwenye ukavu wa njiani unaelewa kwa nini watu walipapenda. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa kwa sababu palikuwa na maji na chakula. Mbele yake kulikuwa na eneo kame lililoitwa Marenga Mkali, na aliyelivuka bila kujiandaa alikiona cha moto. Wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo hapa katika miaka ya 1870, na Wajerumani wakafuata na ngome yao.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu yao ya kuiheshimu Mpwapwa. Shaaban Robert aliishi hapa katikati ya miaka ya 1940, akiwa mtumishi wa idara ya mifugo. Mifugo bado ni jina la mji huu: kuna kituo cha utafiti, na aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa ilizalishwa hapa.

Jina lake lingine ni ualimu. Chuo cha Ualimu Mpwapwa ni miongoni mwa vyuo vya zamani nchini, na wazee wengi wa Tanzania wamefundishwa na mtu aliyepitia hapa. Serikali ina vyuo vya ualimu zaidi ya 30, kuanzia Butimba na Marangu hadi Korogwe, Tukuyu, Kasulu na Patandi, ambacho kinajulikana kwa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Binti yetu yuko katika kimoja cha mikoa hii ya kati.

Kutoka mjini nilipanda bodaboda hadi kijijini. Nilipotoa shikamoo kwa mzee mmoja aliyekaa dukani, alinijibu kisha akanifundisha salamu ya kwao: "Mbukwa!" Kuanzia hapo nikawa naitumia kila nyumba, na kila nyumba ilinifungulia mlango.

Kinachosomwa chuoni

Binti nilimkuta kwenye chumba cha kupanga, amezungukwa na maboksi aliyokuwa akiyakatakata kuwa kadi za silabi. Kitandani palikuwa na makaratasi ya manila, kalamu za rangi, vizibo vya soda kilo nzima, na daftari kubwa. "Shikamoo shangazi. Usikanyage hapo, ni zana."

Wengi tunadhani mwanachuo wa ualimu anarudia kusoma masomo ya shule. Ni kweli anayasoma, kwa sababu huwezi kufundisha sehemu za kumi usizozielewa. Lakini juu yake anasoma saikolojia ya mtoto: anakua vipi, anasahau vipi, kwa nini wa miaka sita hawezi kutulia dakika 40. Anasoma misingi ya elimu, upimaji na tathmini, elimu jumuishi, TEHAMA. Kisha anasoma mbinu za kufundishia kila somo, maana kumfundisha mtoto kusoma si sawa na kumfundisha kujumlisha.

Yote hayo hukutana kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ni azimio la kazi, linaloonyesha muhula mzima, wiki kwa wiki. Ya pili ni andalio la somo, linaloonyesha kipindi kimoja: mwalimu ataanza vipi, ataleta jipya gani, atalikazia vipi, atajuaje kama limeeleweka. Kila hatua ina dakika zake, na ina safu mbili: mwalimu anafanya nini, mwanafunzi anafanya nini. Binti alinionyesha andalio la kesho yake, lililopangwa kwa mwandiko safi. Silabi za "b". Watoto katika vikundi vya sita, kila kikundi na kadi zake. Nusu saa.

Kesho yake ndiyo siku mkufunzi kutoka chuoni alikuwa anakuja kumkagua. Usiku ule hakulala vizuri, nami sikulala, maana tulikuwa kitanda kimoja.

Darasa la Kwanza

Mwalimu mkuu aliniruhusu kukaa nyuma. Darasani kulikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa, na katika shule nyingi vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Kwenye madawati walibanana watano watano, waliobaki walikaa sakafuni hadi karibu na ubao.

"Shikamoo mwalimuuu!" Chumba kilitikisika.

Vikundi vya watu sita vikawa vya ishirini. Kugawa kadi kulikula dakika kumi. Kadi mbili zilichanika, moja ikaenda mdomoni. Binti akaona muda unakimbia, akaziacha kadi, akashika fimbo ya kuonyeshea na kusomesha kwa pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Hapo darasa likachangamka. Walipiga kelele kwa furaha na kwa sauti moja, nami nikawa nimeridhika kabisa. Mkufunzi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliendelea kuandika.

Kabla ya kengele alinyanyuka, akamwendea mtoto wa kiume aliyekaa dirishani, akamwonyesha "be" ubaoni. Mtoto alimtazama yeye, akautazama ubao, akainamisha kichwa. Akamwonyesha wa jirani. Naye kimya. Wote wawili walikuwa wakipiga kelele na wenzao dakika moja iliyopita.

Baadaye mkufunzi alimwita binti chini ya mti. Hakumfokea. Alimuuliza maswali matatu. Leo ni watoto wangapi umewasikia wakisoma mmoja mmoja? Yule wa dirishani anaitwa nani? Nyumbani kwao wanaongea lugha gani? Binti hakuwa na jibu hata moja. "Andalio lako ni zuri," mkufunzi akamwambia, "ila umeliandikia darasa usilolijua. Nitarudi wiki ijayo."

Nikazikumbuka karanga za Kongwa.

Chumba cha pili

Binti alirudi nyumbani akalia. Nikawa nayakumbuka maneno ya kaka yangu, na begi langu lilikuwa karibu. Aliyetuinua ni mwenye nyumba.

Bibi huyu ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza watoto wote wa nchi hii wapate elimu ya msingi haraka, ifikapo 1977. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha kazi huku wakiifanya. Sehemu ya siku walikuwa mbele ya watoto, sehemu nyingine walikuwa mbele ya mratibu, wakisoma kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio. Bibi alikuwa mmoja wao, binti mdogo wa kijiji hiki hiki.

"Walitucheka," alisema huku akichambua mlenda. "UPE wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Ni kweli elimu ilikuwa ndogo. Lakini watoto wale niliwajua mpaka majina ya mbuzi wao." Baadaye alijiendeleza hadi Daraja A, akafundisha mpaka alipostaafu.

Jioni ile alimshika binti mkono wakatoka. Nami nikafuata. Tulitembea njia wanayorudia watoto, nyumba kwa nyumba, "Mbukwa" kwa "Mbukwa". Tulimkuta yule wa dirishani akirudisha mbuzi. Nyumbani kwao ni Kigogo kitupu. Kiswahili amekikuta shuleni Januari. Mwalimu anapoongea haraka yeye anasikia kelele tu, na wenzake wanapoitikia anaitikia ili asionekane. Lakini bibi alipomuuliza juu ya mifugo, alianza kuhesabu na kutaja. Kati ya maneno ya Kiswahili anayoyajua vizuri ni "beberu", kwa sababu hulisikia kila anapofuatana na baba yake mnadani.

Bibi akamgeukia binti: "Si unafundisha 'be'? Basi hilo hapo, lina 'be' mbili."

Ya pili akamwonyesha uani. Akasawazisha mchanga kwa kiganja na kuandika kwa kidole. Mchanga hauhitaji fedha wala hauchaniki. Mia wanaweza kuandika kwa pamoja, kila mmoja mbele yake, na mwalimu akipita katikati yao anaona kazi ya kila mkono. Ndivyo walivyofanya wao wakati shule haikuwa na madaftari.

Mkufunzi aliporudi, somo lilikuwa nje, chini ya mwembe. Mistari ilikuwa minane, kila mstari na kiongozi wake. Beberu, baba, bibi, bao. Binti alipita akiwa na daftari mkononi, akiita majina. Usidhani kila mtoto alisoma siku ile. Wengi hawakuweza. Lakini mwisho wa somo mkufunzi alipouliza swali lake lile lile, binti alimfungulia daftari: hawa wameandika wenyewe, hawa wameandika kwa kutazama kwa mwenzao, hawa bado, na hawa watatu nadhani hawaoni ubao vizuri. Mkufunzi alisoma orodha yote kabla ya kutia sahihi. Mtoto wa dirishani alikuwa kwenye orodha ya kwanza kwa neno moja tu, na neno lenyewe unalijua.

Majina tuliyowapa

Kicheko alichochekwa bibi hakikuisha naye. MMEM ulipoanza mwaka 2002 na watoto kumiminika tena, mafunzo ya cheti yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja kazini. Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali, vijana wa kidato cha sita wakapewa kozi fupi sana na kupelekwa darasani. Mtaani wakaitwa "vodafasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Kila mara nchi ilipohitaji walimu kwa dharura ilipunguza siku za kuwafunza, kisha sisi wazazi tukawapa majina walioletwa. Hatukuuliza nani aliamua kwamba mwalimu anaweza kuiva haraka kuliko maharage.

Sasa upepo umegeuka. Anayetoka kidato cha nne hawezi kuingia chuo cha ualimu bila ufaulu wa daraja la kwanza hadi la tatu, kwa hiyo ule msemo kwamba ualimu ni wa waliofeli umepitwa na wakati. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, mwelekeo ni kuachana na cheti na kuifanya stashahada kuwa ngazi ya chini ya mwalimu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inamtaka mtoto atende na si kukariri. Hayo yote yanahitaji muda wa kujifunza kazi, na zaidi ya yote yanahitaji shule za kujifunzia kama ile ya chini ya mwembe.

Kaka yangu alipiga simu usiku ule. "Anateseka?" Nikamwambia anafanya kazi. Akauliza la pili, ambalo najua wazazi wengi mnauliza: ajira ipo? Nilimwambia ukweli. Nafasi hutangazwa kwa awamu, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na siku hizi mwalimu hupita kwenye usaili kama watumishi wengine. Anaweza kukaa nyumbani miaka. Wapo waliohitimu wanaouza duka huku vyeti vyao vikiwa kabatini, na shule kama ile ina mwalimu mmoja kwa watoto zaidi ya mia. Kuunganisha mambo hayo mawili hakuwezi kufanywa na familia moja. Lakini kumkatisha tamaa binti anayeipenda kazi yake hakuongezi ajira hata moja.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mchele umetosha.

Ukiwa na mtoto chuo cha ualimu

Mzazi, BTP ina gharama ambazo wengi hatuzitarajii. Kuna kodi ya chumba, chakula, nauli, makaratasi ya manila, kalamu na gundi. Zungumza na mtoto wako mapema ajue kiasi mlicho nacho, ili asikope. Mkumbushe kwamba zana bora hutoka jikoni na shambani: vizibo, vijiti, magunzi, mbegu za ubuyu. Muulize juu ya watoto anaowafundisha, si alama tu. Na akikupigia simu analia baada ya kukaguliwa mara ya kwanza, msikilize, usimwambie arudi nyumbani kesho.

Nawe unayeishi karibu na shule inayopokea wanachuo, usiwaone kama wageni wa kuwapandishia kodi. Kijana huyo anayepita na boksi la kadi amewekwa mbele ya mtoto wako ili ajifunze kazi, na kuna mambo ambayo hakuna chuo kitakachomfundisha: mtoto anaongea nini nyumbani, amekula nini asubuhi, jicho lipi linamsumbua, anachunga mbuzi wangapi. Hayo unayajua wewe. Akipita mlangoni kwako jioni, mkaribishe, mpe maji, umwambie.